Paa la Muda la Stesheni ya Tokyo

Riverdale Park, Maryland
14 Januari 2007

Mwanangu Ferdinand,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunaendelea vizuri, baridi tu ndiyo inatusumbua. Dada yako Flaviana bado yuko na uuguzi wake. Anaingia zamu ya mchana, na mwenzake asipotokea anaunganisha na ya usiku, anarudi miguu imevimba. Mumewe Ndirangu anaendesha basi mjini Washington na bado anadai Kiswahili cha Nairobi ni kitamu kuliko chetu. Binti yao Wamaitha ana miaka kumi na mmoja sasa. Namsemesha Kiswahili, anaelewa kila neno, ananijibu kwa Kiingereza. Mimi nina kikohozi kidogo cha majira haya. Jumanne Flaviana hunipeleka Gaithersburg, kuna wazee wenzangu, tunakaa pamoja mpaka mchana.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mimi na wewe kwenye simu tunaulizana hali ya hewa. Tukishamaliza theluji ya huku na mvua ya huko, tunaagana. Nimeona nijaribu karatasi.

Nyumba hii iko karibu na njia ya reli. Treni za mizigo zinapita, nami naacha ninalolifanya nikizisikiliza mpaka behewa la mwisho. Labda ndizo zilizonikumbusha jambo ninalotaka kukuomba. Ndirangu alinifungulia gazeti kwenye kompyuta, nikasoma kwamba mwaka huu Wajapani wanaanza kuirudisha stesheni ya Tokyo jinsi ilivyokuwa ilipofunguliwa mwaka 1914. Unajua nilikaa pale mwaka 1969, shirika letu la reli liliponipeleka kujifunza uendeshaji wa stesheni kubwa. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulilia kwa sababu sikukuchukua.

Nenda upande wa magharibi, unaoitwa Marunouchi, kwenye lile jengo refu la matofali mekundu. Zamani abiria waliingilia mlango wa kusini na kutokea mlango wa kaskazini. Ule wa katikati ulikuwa wa Mfalme wao. Basi na wewe ingia kusini, simama chini ya paa, tazama juu, kisha utokee kaskazini. Uniambie ulichoona kabla hawajalibomoa.

Ni mimi baba yako,
Kalisti


Kawaguchi, Japani
25 Februari 2007

Baba,

Shikamoo. Nilifurahi kuona mwandiko wako kwenye bahasha, nikakumbuka ripoti zangu za shule ulizokuwa unazitia sahihi. Mimi mzima. Bado niko kwenye ile yadi ya kufungua magari ya zamani na kupakia vipuri. Baridi ya huku si kama ya kwenu, lakini vyuma vinashika vidole.

Nilikwenda Jumapili iliyopita kama ulivyoagiza. Stesheni ni kubwa kweli, watu wanamiminika kama maji. Niliingilia kusini, nikasimama, nikatazama juu. Zile kuba mbili za duara ni nzuri sana, moja kila upande, sikujua kama matofali ya zamani hivyo yanaweza kubeba kitu kizito namna ile. Nikatokea kaskazini. Nilikukumbuka sana.

Uliniuliza wakati wa Krismasi kuhusu kuja nyumbani. Mwaka huu kazi zimebana, bosi hana mtu mwingine. Labda mwakani.

Pole na kikohozi. Wasalimie wote.

Mwanao,
Ferdinand


Riverdale Park
25 Machi 2007

Mwanangu Ferdinand,

Marahaba. Ahsante kwa kwenda. Barua yako nimeisoma mara nyingi, Flaviana ananicheka kwamba itachanika kwenye mikunjo. Wote wanakusalimu. Theluji imeyeyuka na Wamaitha amepewa nafasi ya kuimba kwaya, nyimbo zote za Kiingereza.

Nikueleze habari za lile paa, kwa sababu nadhani sikukueleza vizuri. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 liliangusha nusu ya mji, stesheni ikabaki imesimama. Kilichoiangusha ni vita. Mei 1945 mabomu ya moto yalishuka, ghorofa ya tatu ikaungua, na zile kuba za duara zikaungua pamoja nayo. Vita vilipokwisha hawakuwa na chuma wala fedha. Waliondoa mabaki ya ghorofa ya tatu, wakaezeka mapaa mapya yenye pembe nane, ya haraka haraka, wakasema yatatufaa miaka minne au mitano, mpaka tutakapopata nafasi ya kujenga vizuri. Mimi nilipofika mapaa hayo yalikuwa yamepita miaka ishirini na kitu. Ndiyo yaliyopo mpaka leo. Kuba za duara hakuna mtu aliyezitazama pale tangu mwaka ule wa moto. Ziko kwenye picha za zamani, na kwenye michoro ya magazeti inayoonyesha itakavyokuwa wakimaliza.

Nakueleza hayo kwa kuwa siku ile kulikuwa na watu wengi, na mtu akisukumwa hatazami juu vizuri.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya pale nyumbani Tabora, kwenye nyumba za reli? Niliyapata Tokyo yale. Mfanyakazi wa reli wa Kijapani hatazami tu taa ya ishara. Anainyoshea kidole na kuitaja kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Jicho linaweza kudanganywa na mazoea, lakini kidole na mdomo vikishirikiana nalo ni vigumu vyote vitatu vikosee pamoja. Mwalimu wangu alinifanyisha vile mpaka sauti ikakauka. Nikaja nayo nyumbani. Jioni napita vyumbani nanyosha kidole: mlango, umefungwa. Jiko, limezimwa. Flaviana, yupo. Ferdinand, yupo. Mama yenu alikuwa akisema nimerudi na uchawi wa Kijapani.

Huku bado nafanya. Juzi Ndirangu alinikuta jikoni nimenyosha kidole, akaniuliza, "Mzee, stovu imekujibu?" Nikamwambia imesema imezimwa. Akasema, "Basi uiulize pia kama iko na chakula."

Usiende tena stesheni kwa ajili yangu kama hupati nafasi. Niandikie unachokiona kwenye dirisha lako, kitanitosha.

Baba yako,
Kalisti


Kawaguchi
24 Juni 2007

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Naianza ya kwangu, naichana.

Unajua kwamba sikwenda. Ungeweza kuniita mwongo, ukanifundisha historia. Afadhali ungenichapa.

Zile kuba niliziona kwenye picha, katika gazeti la bosi, nikadhani ndivyo jengo lilivyo. Miaka yote hii sijawahi kuingia upande ule. Stesheni kubwa nazikwepa, napanda na kushukia vituo vidogo hata kama nazunguka. Polisi husimama karibu na milango, na wakiona mtu wa rangi yangu wanaomba kadi ya ukaazi. Sina kadi, baba. Viza yangu iliisha mwaka 1992. Nilisema nitakaa mwaka mmoja zaidi, nijikusanye, nisirudi mikono mitupu. Halafu mwaka mwingine. Ndiyo sababu sikuja kumzika mama. Sikuwa na mtihani wa kazini kama nilivyowaambia.

Kuna jambo la pili. Una mjukuu. Ana miaka minane. Shuleni anaitwa Haruka, lakini mimi namwita Aloisia, kama mama, na anaitika. Mama yake anafanya kazi katika duka la mikate. Wazazi wake hawakutaka tufunge ndoa, na sasa hatuishi pamoja, ila Jumapili mtoto ni wangu tangu asubuhi mpaka jioni. Nikitoka nchi hii hawataniruhusu kurudi kwa miaka mingi. Nitakapomwona tena atakuwa dada mzima asiyenijua. Hilo ndilo linalonishika.

Dirishani kwangu naona ukuta wa jirani na mti wa matunda ya persimoni. Uliuliza.

Juzi nilimpigia Flaviana. Nikamuuliza huko Gaithersburg kuna wazee gani hao. Alisema anasikia chakula kinaungua. Hakikuwa kinaungua, nilimsikia analia. Baba, unaumwa?

Ferdinand


Riverdale Park
22 Julai 2007

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya mjukuu wangu. Nimewasomea wote mezani sehemu ile inayomhusu yeye tu. Flaviana alisimama akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wamaitha anataka kujua kama binamu yake anapenda paka. Nijibu hilo. Tena uniambie anacheka kwa sauti au anacheka kimya kama bibi yake.

Kuhusu kadi sina la kukulaumu. Wale mafundi wa mwaka 1945 hawakuwa waongo waliposema miaka mitano.

Nilipokuwa Tokyo kelele zote zilikuwa upande wa mashariki, Yaesu, ambako treni mpya za kasi zilikuwa zimeanza miaka mitano nyuma. Tulipelekwa kuziona kila juma kama watoto wanaopelekwa kuona tembo. Stesheni ilikuwa imekua hivi kwamba watu walipotezana ndani yake, na mwaka mmoja kabla sijafika walitundika kengele kubwa ya rangi ya fedha, iliyotengenezwa kwa mianzi na karatasi, ili waliopotezana wangojeane chini yake. Baadaye nilisoma kwamba wamechimba majukwaa ardhini, kisha mengine chini ya hayo, na kwamba kutoka treni moja mpaka nyingine sasa ni mwendo kama wa parokiani kwetu Kilema mpaka sokoni. Wakati mmoja walitaka kulibomoa jengo jekundu wajenge ghorofa ndefu. Wananchi wakakataa. Wakati wote huo lilikuwa limevaa paa lake la muda.

Swali lako la mwisho: ni kikohozi.

Anwani ya bahasha ameandika Wamaitha. Mkono wangu leo umekataa mistari.

Baba


Kawaguchi
9 Septemba 2007

Baba,

Shikamoo. Aloisia anapenda paka, na anacheka kimya, mabega tu ndiyo yanatikisika. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kicheko cha mama mpaka ulipouliza.

Barua yako ina mwandiko wa watu wawili, na ule wako si wako. Nimempigia Ndirangu kazini, kwa kuwa Flaviana hawezi kusema. Naye alikwepa. Alisema, "Shemeji, mimi ni mkwe tu, usiniweke hapo katikati." Hiyo imenitosha.

Nimeamua. Tarehe nane Oktoba nitakwenda mwenyewe Uhamiaji. Watanirudisha Tanzania, na Flaviana akulete nyumbani, tukutane Kilema. Ukiwa bado unaweza kukaa kwenye kiti nitakusukuma mpaka kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, ukaone migomba.

Na kama haitawezekana hivyo, nitakuwepo hata hivyo. Wote wawili tunajua kwetu mambo yanavyokwenda. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayemwaga udongo wa kwanza, hapo kihambani, na hakuna mwingine anayegusa udongo kabla yake. Alipofariki baba mdogo alilala mochwari Moshi mpaka mwanawe alipofika kutoka Urusi, na ukoo wote ukakaa uani ukimngoja. Kwa mama ukoo waliningoja mimi, mpaka ukawaambia waendelee. Shangazi alinisimulia. Alisema ulishika koleo ukatazama njia ya barabarani kwanza. Sitakubali usubiriwe hivyo.

Aloisia bado sijamwambia. Jumapili alinionyesha jino lililong'oka, amelifunga kwenye karatasi ili mimi nilitunze.

Ferdinand


Riverdale Park
27 Septemba 2007

Mwanangu wa kwanza, Ferdinand,

Anayeshika kalamu ni Flaviana. Nimemwapisha aandike kila neno nitakalosema, hata yale yatakayomuuma.

Ninakufa. Ni saratani ya mapafu. Niliambiwa Novemba mwaka jana, kabla ya barua yangu ya kwanza kwako. Jumanne za Gaithersburg ni za kuwekewa dawa kwenye mshipa. Wazee wenzangu wapo kweli. Mmoja ni Mkorea, hatuelewani hata neno moja, tunapungiana mikono. Tangu mwezi wa saba haji, nami sikuuliza. Dawa wamezisimamisha na mimi nimekubali.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuja. Kabla hujaniambia lolote nilijua kuna kitu kinakushika huko, kwa sababu mtu ambaye hakushikwa angekuja kumzika mama yake. Ulipoandika juu ya kuba za duara nikajua ni hofu. Ulipoandika juu ya mtoto nikajua ni nini cha kufanya, na nimekifanya.

Nitazikwa hapa. Parokia ina makaburi yake, nimechagua mahali ambapo treni inasikika. Nimewapigia ukoo. Shangazi yako alinifokea, akaniambia nitazikwa kama mtu asiye na watu. Nikamwambia nimechoka, sitaki kusafirishwa kama mzigo. Nikamtania kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikisafirisha mizigo, najua inavyotupwa. Hakucheka. Alikata simu. Ana hasira nami tangu siku hiyo na hatujasemezana, na yeye ndiye pekee aliyebaki wa tumbo la mama yangu.

Hiyo sababu niliyompa si ya kweli. Ya kweli ni wewe. Kaburi likiwa Kilema utakwenda, nakujua, na ukishakwenda yule mtoto atakuwa anasimama dirishani Jumapili. Kaburi likiwa hapa huwezi kulifikia hata ukitaka. Ukitoka Japani watakupeleka Dar es Salaam, na huku hawatakupa viza. Kwa hiyo hakuna pa kwenda, na hakuna atakayekungoja. Nimekufungia njia. Nakuomba radhi, maana ni kitu kizito baba kumnyima mtoto wa kwanza udongo wake. Lakini wewe una mtoto wa kwanza pia. Kaa naye.

Usiende Uhamiaji tarehe nane. Tafuta wakili, uliza kama wanaweza kukuruhusu ukae kwa ajili ya mtoto. Jambo hilo lichukue muda, lakini lianze.

Nina moja limebaki. Tangu ulipoondoka sijaacha kunyosha kidole jioni. Pale Tabora, kisha Kilema, na sasa hapa ambapo hujawahi hata kulala. Naanza na mlango, jiko, Flaviana, Wamaitha. Halafu nageukia kona ambayo hakuna kitanda, nasema: Ferdinand, yupo. Katika kazi yetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kunyoshea kidole kitu kisichokuwepo na kusema kipo. Mwalimu wangu angenifukuza stesheni. Nimelifanya miaka kumi na sita nikijua ninachokifanya, na wala sijutii, ila nilitaka mtu mmoja ajue.

Siku utakapokuwa na kadi, si kabla, mpeleke Aloisia. Ingieni kusini, mtokee kaskazini.

Nakubariki wewe na uzao wako.

Kalisti, baba yako


Kawaguchi
18 Novemba 2007

Baba,

Shikamoo. Flaviana ameahidi kwamba atakusomea barua hii pale ulipo, kwa sauti, akisubiri treni ipite kwanza.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya tarehe nane. Sikwenda Uhamiaji. Nilikaa kitandani na viatu vyangu mguuni mpaka ofisi zao zilipofungwa. Nimempata wakili, mama mmoja mzee anayesaidia wageni. Anasema huenda, hasemi ndiyo.

Flaviana amenieleza jinsi walivyokuzika. Alisema padri alipomaliza, Ndirangu aliinama kuchukua koleo, Wamaitha akamshika mkono. Akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Baba, ngoja kwanza. Ni ya mjomba." Wakasimama. Hakuna aliyejua wanangoja mpaka lini. Flaviana anasema wote waligeuka wakatazama lango la makaburi, hata padri, hata wale wachimbaji waliokuwa hawaelewi. Kisha Wamaitha akachota udongo kwa kiganja akaumwaga. Uliniambia hakuna atakayeningoja, baba. Umekosea hapo.

Leo nimekwenda stesheni. Najua ulisema si kabla ya kadi. Nilimchukua Aloisia, nikamvalisha koti lake jekundu, tukashukia upande ule. Polisi wawili walikuwa mlangoni. Mmoja alinitazama, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa ananivuta mkono, akageukia kwingine.

Tuliingilia kusini. Mbele wameanza kuzungushia mabati meupe, na vumbi la kazi lipo, lakini paa lako bado liko. Lina pembe nane. Aloisia alizihesabu kwa kidole, nikamrudisha aanze upya nami nikahesabu naye. Ni la kawaida tu, baba. Mtu asingeambiwa asingelitazama. Watu walikuwa wanapita chini yake bila kuinua vichwa.

Aliniuliza tunamngoja nani. Nikamweleza kwa Kijapani changu kibovu kwamba babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli na kwamba alijifunza kazi hapa. Alifurahi, kwa sababu shuleni wamefundishwa ile ya kunyosha kidole na kutaja, wanafanya wanapovuka barabara. Akaniambia nimwonyeshe jinsi babu alivyokuwa akifanya.

Nikasimama wima. Nikainyoshea kidole sehemu ile tupu kando ya nguzo, chini ya paa, na nikasema kwa sauti, watu wakageuka kidogo: Kalisti, yupo.

Aloisia alitazama pale kidole kilipoelekea. Hakuona mtu. Alinitazama usoni, halafu akanyosha mkono wake, na yeye akasema.

Tukatokea kaskazini.

Ferdinand